Zamu ya Nani

Upatu tulishaucheza, tukachoka nao.
Kila Jumatano mmoja anaondoka na kibunda,
waliobaki tunaondoka na vidole
tukihesabu wiki.
Hiki tulichokianzisha nyuma ya soko la Kibaigwa
hakina zamu. Anayeweka haondoki na kitu.
Mume wa Perisi alicheka mpaka akakohoa:
"Kikoba cha kutoa tu? Nani kawaloga?"

Sisi ni wafagiaji. Gunia likishachomwa bambo,
lori likishapakia likatimua vumbi,
punje zinazobaki chini ni zetu.
Tunazoa, tunapeta, tunachambua kokoto,
na kila ndoo ikijaa
kopo moja linakwenda kwenye gunia
linalolala uvunguni kwangu,
kwangu mimi Sechelela, kwa sababu sina panya
na nina paka mwenye roho mbaya.

Tulianza kumi na mmoja. Tuko tisa.
Mmoja alihamia Gairo. Mmoja simsemi.

Gunia la kwanza tuliliuza Novemba, bei ikiwa imepanda,
kisha tukabishana siku mbili.
Damarisi aliwataka wale wanaozika wasio na ndugu.
Mwanahawa, Mrangi wetu wa Kondoa, aliwataka vijana
waliopanga chumba ukuta mmoja na mashine ya kusaga,
wanafundisha watoto viziwi kusema kwa mikono.
"Kelele za mashine haziwasumbui," alisema,
"kodi ndiyo inayowasumbua."
Tukacheka. Aliyecheka ameshakubali.

Siku ya kupeleka hela tukavaa khanga za sare.
Kosa hilo.
Tulikuta viti vya plastiki, kreti mbili za soda,
na watoto juani, mstari mmoja, tangu saa tatu,
wanawasubiri wageni wa heshima.
Wageni wa heshima!
Mimi, mwenye pumba kwenye nyusi.
Niliihesabu ile soda kwa makopo, koo likakauka.
Nikampa yangu mtoto wa mwanzo wa mstari;
akaniuliza jambo kwa vidole,
nami nikatikisa kichwa tu, kama mbuzi.

Tangu hapo anakwenda mmoja, kwa miguu,
bila kutangaza,
na akikuta watu wanachota maji, naye achote.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilikatika Januari.
Mtama ulisimama ukiwa umefika magotini, ukakata tamaa.
Malori yakaja kwa kuhesabika,
punje moja tukaigombania na kuku wa watu.
Usiku mmoja Perisi alibisha hodi.
Mumewe, yuleyule wa kucheka, alikuwa amelazwa Mpwapwa.
Alikaa kitandani kwangu, miguu yake
ikagusa gunia.
Hakuomba.
Ningempa. Naandika hapa ili ijulikane: ningempa.
Akasema, "Nimekuja kuangalia kama halijabunguliwa."
Tukalivuta, tukazamisha mikono hadi viwiko.
Mahindi yalikuwa baridi, mazima.
Akafungua pindo la khanga,
akamimina nusu kopo.
Nusu. Alisawazisha juu kwa kiganja,
kama anayemfunika mtoto.

"Wiki hii zamu ya nani kwenda kule?"
"Yako," nikasema, ingawa ilikuwa yangu.

Asubuhi wanane tulipitisha ndoo zetu mlangoni kwake.
Ndoo zetu, si gunia.
Hilo halimo kwenye daftari.

Alirudi kutoka kwa viziwi na neno moja
alilofundishwa na yule mtoto wa soda:
dole gumba linasugua ubavu wa kidole cha shahada,
hivi, kama unapukuchua.
Mahindi.
Siku hizi lori likiunguruma na hatusikiani
Perisi ananyanyua mkono kule mbali, vumbini,
anapukuchua hewa,
nasi tunakimbia na mifagio yetu.